Kutoka Winipegi hadi Igalula kwa Mstari Ulionyooka

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtani. Sisemi mtani wa kuchekacheka kijiweni. Mtani wa kurithi. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, kazi ya reli ikamleta Tabora, akaoa huku, akazeekea huku, akazikwa huku. Na Mzaramo akikutana na Mnyamwezi, adabu huwekwa pembeni. Wazee wanasema utani huu ulianzia njiani, enzi zile Wanyamwezi wakibeba mizigo kwenda pwani, na watu wa pwani wakiwapokea kwa chakula na kejeli katika sahani moja. Basi mimi, Fikiri, nikiingia kwa mzee wa miaka sabini kule Igalula naweza kumwita mpagazi, nikaondoka na kuku wake, na hana pa kunishtaki. Naye akinimwagia maji ya kuoshea vyombo, sina pa kumshtaki.

Msibani ndiyo sheria inakaza zaidi. Mtani akishuka kaburini, maiti haingii mpaka apewe anachotaka. Hilo liwekeni akilini.

Mkate wangu naupata kwenye steshenari ya Mzee Nanji, mjini Tabora. Nachapa barua, natoa kopi, najaza fomu za watu mtandaoni. Kidato cha nne nilimaliza kwa daraja ambalo siku hizi silitaji, lakini mbele ya ile kompyuta mimi ni profesa.

Jumatano moja akaingia Mzee Dionis wa Igalula, na fimbo yake, na kofia mkononi. Kaka yake, Mzee Mathias, alikuwa amefariki Jumatatu. Nikasimama.

"Shikamoo, mpagazi. Pole sana."

"Marahaba, mla nazi. Nimeshapoa. Washa hilo sanduku lako."

"Limewaka siku nyingi, mtani."

"Basi liulize. Recheli anapanda ndege kesho jioni huko kwao. Atafika hapa lini? Nataka saa. Sitaki 'Mungu akipenda' za pwani."

Recheli ndiye kitinda mimba wa marehemu. Miaka kumi na moja iliyopita aliondoka kwenda Kanada, mji unaitwa Winipegi, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa. Siku anaondoka, Mzee Mathias alimsindikiza mpaka stesheni ya Igalula, akamwambia mbele ya watu: "Nenda. Ila udongo wangu wa kwanza utautupa wewe." Sasa mzee kafa, na binti amempigia baba yake mdogo kupitia simu ya dada yake, analia: "Baba mdogo, msimfukie mimi sipo." Dionis akaapa. Na Dionis akiapa, kiapo kinamkaa kooni mpaka kitimie.

Nikaandika Winipegi, nikaandika Tabora. Ukurasa ukafunguka na ramani ya dunia, na juu yake mstari mmoja mwekundu, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kutoka uwanja wao mpaka uwanja wetu. Kilomita elfu kumi na tatu na mia mbili. Muda wa kuruka: saa kumi na sita, dakika hamsini na nne.

"Saa kumi na saba, mtani," nikatangaza. "Kasoro dakika sita."

Mzee akanikazia macho. "Babu yetu alikwenda Bagamoyo kwa miguu, pembe begani. Miezi mitatu."

Nikapiga hesabu. "Hizi ni Bagamoyo kumi na sita. Babu yako angefika Winipegi baada ya miaka minne, ana mvi, na mzigo umeota mizizi."

"Analala wapi?"

"Nani?"

"Recheli. Babu alikuwa hahesabu njia. Alikuwa anahesabu vituo. Wapi pana maji, wapi unalala, wapi unasubiri wenzako. Sasa huyu analala wapi?"

Nikacheka mpaka Mzee Nanji akainua kichwa kaunta ya pili. "Ndege hailali, mtani! Inakunja miguu inakwenda."

Nikamfanyia hesabu mbele yake. Akiondoka kesho saa kumi na mbili jioni ya kwao, kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa. Jumlisha kumi na saba. Ijumaa saa moja jioni anatua Tabora. Mzike Jumamosi saa nane mchana, atakuwa ameshaoga, ameshalia, ameshakula. Nikamchapia ukurasa ule na mstari wake mwekundu, nikaupiga muhuri wa steshenari ambao hauhusiani na ndege kwa lolote, nikaufunika plastiki ngumu kama kitambulisho. Chini palikuwa na vijiandishi vidogo vidogo vinavyoharibu ukurasa. Nikavikata kwa mkasi.

Hivyo vijiandishi nilikuja kuvisoma Ijumaa saa tisa alasiri, baada ya simu yangu kulia. Ujumbe ulitoka kwa Recheli, yuko Toronto. "Fikiri, nimekesha uwanjani kwenye viti, ndio tunataka kupanda ndege ya Adis Ababa. Baba mdogo hapokei simu yangu. Dada Apolinaria hapatikani. Mwambie natua Tabora kesho saa kumi jioni. Msimzike bila mimi, nakuomba."

Nikaufungua ukurasa tena, nikateremka mpaka chini kabisa. "Umbali huu ni wa mstari ulionyooka. Hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya viwanja hivi."

Nikampigia Recheli; simu imeshazimwa. Yuko hewani. Nikampigia Dionis; haipokelewi. Baadaye nikajua kisa. Recheli alimpigia mara sita, na namba ikaonekana imeanza na moja badala ya sifuri, na Dionis anaamini namba ya namna hiyo ni ya matapeli. Akaizima simu yenyewe, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye sanduku la nguo.

Nikaomba ruhusa, nikapanda pikipiki mpaka Igalula. Turubai limeshatandwa, akina mama wanamenya viazi, wanaume wanaota moto wa mchana kwa sababu msiba bila moto si msiba. Nikamvuta Dionis kando.

"Mtani, nimekosea. Recheli hatui leo. Anatua kesho saa kumi, kufika hapa ni saa kumi na moja jioni. Sogezeni maziko."

Akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyeumwa na nyoka yule yule mara nne. "Juzi saa kumi na saba. Leo siku mbili. Kesho utaniambia amepanda punda."

"Naapa, mtani."

"Mzaramo anaapa!" akawageukia wazee wenzake. "Njooni msikie, Mzaramo anaapa!" Wakacheka, mmoja akanirushia ganda la karanga.

Nikamtolea simu asome ujumbe. Hakuishika hata. "Mwaka jana ulinipigia ukasema wewe ni bwana wa tumbaku, nipeleke majani yangu yote Goweko yakapimwe. Nikapeleka. Hakukuwa na mtu. Hiyo simu yako ingekuwa mtu, ingekuwa imeshafungwa."

Ni kweli nilifanya. Ilikuwa siku nzuri sana ile.

Nikamfuata Apolinaria jikoni. Huyu ndiye dada mkubwa wa Recheli, mjane, mwenye sauti ya chini na mkono mzito. Akanisikiliza huku anapepeta mchele.

"Mimi ningependa nikuamini," akasema. "Ila nikumbushe, nani aliwaambia watu kwenye ubatizo wa mjukuu wangu kwamba nimeposwa na kondakta wa treni?"

"Mimi, mama."

"Na watu wakaja na zawadi."

"Wakaja, mama."

"Simu yangu imekufa chaji, wote wamepigia humu. Mdogo wangu angenieleza mwenyewe, ningesimama mbele ya Dionis. Kwa neno lako wewe siwezi. Nitachekwa."

Nikarudi mjini nimenywea. Ndugu zangu, jioni ile nilielewa ubaya wa cheo changu. Mtani akisema uongo watu wanapiga makofi, akisema kweli pia wanapiga makofi. Nikamweleza Mzee Nanji yote, mpaka habari za mkasi. Mzee Nanji hatanii. Tangu nimfahamu amecheka mara moja, tena kwa bahati mbaya.

"Mjinga wewe," akasema taratibu. "Mimi naenda Ahmedabad kuona dada. Ndege saa sita. Safari siku mbili. Iko kungoja, iko foleni, iko begi kupotea. Wewe nani kakwambia anga iko mstari?"

"Kompyuta, bosi."

"Kompyuta yangu usimsingizie." Akachukua funguo za pikapu, akazipima mkononi. "Kesho saa kumi niko uwanjani. Mtoto akishuka, naleta. Saa kumi na moja na robo niko Igalula. Wewe shika maziko."

"Nitayashikaje, bosi? Hawanisikii."

Akaniangalia kama mtu anayeuliza bei. "Wewe si mtani?"

Jumamosi misa ilisomwa nyumbani kwa marehemu. Saa nane kasorobo Dionis akasimama, karatasi yangu mkononi, plastiki inang'aa juani kama kioo.

"Ndugu zangu. Recheli alisema anakuja. Kama angepanda ndege, angekuwa hapa tangu jana saa moja. Imeandikwa hapa, na muhuri upo. Hakupanda. Labda wamemnyima ruhusa, labda moyo umemshinda, sisi hatujui. Simu yake haipatikani. Mimi nilimwapia mtu atakayekuja. Sikumwapia asiyekuja. Tunazika."

Apolinaria akainamisha kichwa. Nikaona vizuri kilichotengenezwa na mkasi wangu: mzee wa watu atafukiwa, na binti yake aliyeko angani juu ya Afrika atafika jioni akute tuta na jina jipya, Recheli asiyekuja. Jina kama hilo Igalula halifutiki. Wajukuu wake wangelikuta.

Jeneza likanyanyuliwa. Wimbo ukaanza. Nikatangulia kwa mwendo wa kunyata, nikafika kaburini kabla yao, nikavua viatu, nikaruka ndani, nikalala chali.

Wimbo ukakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Nani huyo?" mama mmoja akauliza.

"Mpangaji!" nikajibu kutoka chini. "Chumba kina mtu. Tafuteni kingine."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wachimbaji. Cha pili kikatoka kwa akina mama, kile cha kuziba mdomo kwa khanga. Uso wa Dionis ukatokea ukingoni, umeziba jua.

"Toka humo, Mzaramo."

"Nitoke niende wapi? Kwenu mnazika mtu kama mnatupa takataka? Msafiri wenu mzigo wake uko wapi? Mnyamwezi gani anasafiri mikono mitupu? Babu yake alikwenda Bagamoyo na pembe, huyu anakwenda mbali kuliko Bagamoyo hana hata kiazi!"

"Aaa, hapo kasema," mzee mmoja akanong'ona, akanong'ona kwa nguvu.

Padre naye ni mzaliwa wa wilaya hii hii ya Uyui. Alitazama saa, alikuwa na ndoa kijiji cha pili jioni ile. Akavuta kiti, akakaa. "Mtani akishashuka," akasema, "tuna kazi. Nileteeni maji ya kunywa."

Nami nikatazama saa yangu. Saa nane na dakika kumi. Zimebaki saa tatu na dakika tano. Nikatoa masharti.

Mzigo ufungwe wa kisafari: michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kikapu kizima, asali kibuyu, tumbaku, na kiko chake. Usifungwe kwa kamba ya dukani, ufungwe kwa gome la mti, lichunwe leo hii. Na afunge Dionis mwenyewe, maana ndiye anayejisifu ukoo wake ulijua kufunga mizigo.

Wakaenda kuchuna gome. Dionis akakaa chini na kuanza kufunga. Kumbe hajui. Kwanza kibuyu kikachomoka, halafu kikapu kikapinduka, halafu gome likakatika. Wazee wenzake wakamzunguka, kila mmoja na njia ya babu yake, na mababu hawakuwa wamekubaliana. Nilikuwa nikisikia tu: "Huku!" "Siyo, pitisha chini!" "Wewe baba yako alikuwa anauza chumvi, unajua nini wewe!" Saa tisa kasoro dakika tano mzigo ukasimama. Ulikuwa umekaa upande kama mlevi, lakini umesimama.

"Umelegea," nikasema. "Rudia."

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba utani una pande mbili. Ndoo ya maji ilinishukia usoni. Kabla sijafuta macho, koleo la udongo likanitua miguuni. La pili, la tatu.

"Mzikeni naye!" Dionis akaamuru. "Marehemu atapata wa kumbebea mzigo!"

Sikutegemea. Wachimbaji wa Igalula ni watu wenye mikono, na wengi wao niliwahi kuwatania. Udongo ukanifika magotini. Nikakaa kitako nao wakaendelea. Nikapiga kelele kwamba naomba kukata rufaa.

"Sharti la pili!" nikalia. "Nipeni la pili, la mzigo nalisamehe!"

Makoleo yakasimama.

"Simu ya Apolinaria ichajiwe."

Hata padre akageuka.

"Simu?" Dionis akauliza.

"Marehemu anasafiri. Akifika atapiga aseme amefika. Atampata nani, wewe uliyezima simu ukaifungia sandukuni? Kachajieni kwenye sola ya katekista, iletwe hapa ukingoni, iwashwe."

Watu wakacheka, ila Apolinaria hakucheka. Alinitazama kwa muda, nimekaa pale kama muhogo uliopandwa vibaya, tope usoni. Kitu kikapita machoni mwake. Akaitoa simu kifuani, kitochi chenye raba iliyochakaa, akaondoka nayo mwenyewe, bila kumtuma mtu.

Saa tisa na robo. Nikadai jogoo. Awe mwekundu, awe wa Dionis, na akamatwe na watu wa rika la Dionis peke yao. Sitasimulia wazee watano wa miaka sabini na kitu walivyomkimbiza jogoo kuzunguka turubai. Nasema tu kwamba jogoo alikuwa mzima wa afya na wao hawakuwa, na kwamba padre alilazimika kufunika uso kwa kitabu cha sala. Kelele nilizisikia, kuona nilikuwa sioni. Mimi nilikuwa na kipande changu cha anga tu, mstatili wa bluu, upana wa mlango.

Na humo ndimo nilimoiona ndege.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Ilitoka upande wa mashariki, nyeupe, mabawa na mapanga yake mawili, inanguruma kwa sauti ya chini. Ilikuwa imeshaanza kushuka, ikifuata reli kuelekea Tabora. Ikaingia kwenye mstatili wangu, ikaukata katikati, ikatoka. Sekunde sita hivi. Nikawaza, yule binti amepita juu ya baba yake sasa hivi. Kama dirisha liko upande huu, ameona turubai. Na bado itabidi aende mpaka Tabora, ashuke, asubiri begi, arudi na barabara ya vumbi saa nzima, aje pale pale alipokuwa ameshafika.

"Recheli huyo!" nikapiga kelele. "Dionis! Recheli huyo juu!"

Dionis alikuwa ameshika magoti anahema. Akatazama juu. "Hiyo ni ndege ya kila Jumamosi."

"Ndiyo hiyo hiyo! Ulitaka aje na yake?"

Hakuacha kuitazama mpaka ilipopotea.

Robo saa ikapita. Jogoo akapanda juu ya paa. Padre akasema kwa upole kwamba ndoa nayo ni sakramenti, na Dionis, ambaye sasa uvumilivu umemwisha kweli, akawaambia wachimbaji wawili washuke wanitoe kwa kunibeba, utani au si utani. Mmoja alikuwa ameshaingiza mguu mmoja. Ndipo kitochi kikaita.

Apolinaria alikuwa amesimama ukingoni, amekishika kwa mikono miwili. "Haloo?... Mzee Nanji? Ndiyo, mimi." Halafu akakaa kwenye lundo la udongo. "Mdogo wangu! Mdogo wangu uko wapi? ... Uko Tabora?"

Akampa Dionis simu. Mzee akaiweka sikioni kichwa chini miguu juu, wakamgeuzia. Alisema "ndiyo" mara tatu na "njoo mwanangu" mara moja. Akairudisha.

Akaja akachuchumaa ukingoni. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa anazungumza. Akaitoa ile karatasi mfukoni, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini uliokatwa.

"Kwa hiyo jana," akasema polepole, sauti ya mimi na yeye, "ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, mtani."

"Shetani wewe. Mtani anasema kweli bila kumpa mtu dalili?"

Nikapangusa tope usoni.

Akasimama, akajipangusa magoti, akawageukia watu na sauti yake ya mkuu wa ukoo. Na hapa nampa heshima yake. Kusema "tusubiri" asingeweza. Alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo kwamba wanazika, na neno la Dionis halirudi nyuma. Akasema: "Huyu Mzaramo hajapewa jogoo wake! Mila ni mila. Asitoke humo mpaka jogoo ashuke. Na mtu asimguse jogoo mpaka atakapotaka kushuka mwenyewe!"

Wale wachimbaji wakaelewa. Wazee wakaelewa, wakashusha pumzi, wakakaa. Padre akaelewa, akaomba pikipiki impeleke kwenye ndoa na kumrudisha. Ikaletwa chai. Kwangu haikuletwa.

Saa kumi na moja na robo kamili, pikapu ya Mzee Nanji ikaingia na vumbi lake. Recheli akashuka. Alikuwa amevaa koti zito la baridi ya kwao, na shingoni bado amevaa ule mto wa kusinzilia ndegeni, amesahau kuuvua. Akina mama wakampokea kwa kilio, na yeye akalia nao, akaenda kwenye jeneza, akalilalia. Hapo sina utani. Tulinyamaza, hata mimi niliyefukiwa.

Baadaye akaja ukingoni, macho yamevimba, akaniona.

"Fikiri? Na wewe umekufa?"

"Nilikuwa nakaribia. Karibu nyumbani, shemeji wa kondakta."

Akacheka katikati ya machozi, ikatoka sauti kama ya kukohoa. "Toka kwenye nyumba ya baba yangu."

Kutoka sikuweza. Dionis akaninyooshea fimbo yake, nikaishika, akanivuta, akaiachia nikiwa nusu, nikaanguka. Akaninyooshea mara ya pili. Watu walikuwa wanafurahi wakati ule hata wangenizika kweli wasingejuta.

Padre akarudi, jeneza likashuka. Recheli akachota udongo kwa mkono wake wa kulia na kuutupa wa kwanza. Ulilia juu ya ubao mara moja. Hapo ndipo kiapo kilipomtoka Dionis kooni. Niliona bega lake likishuka.

Jua lilikuwa linaelekea Tabora tulipokaa kula. Dionis akamwita Recheli karibu.

"Mwanangu, nataka kujua jambo moja. Njiani, ulilala wapi?"

"Toronto nililala kwenye viti, baba mdogo. Adis nikanawa uso nikasubiri saa nne. Dar es Salaam nikagombania begi. Tabora nikamkuta Mzee Nanji na sambusa."

Dionis akahesabu kwa vidole. "Vituo vinne." Akanigeukia taratibu. "Nilikuuliza swali gani Jumatano, profesa?"

Mzee Nanji alikuwa pale na sahani yake, na naapa, kwa haki zote za Mzaramo, alicheka mara ya pili.

Nikaona muda wangu wa kuondoka umefika. Nikaenda kupanda nyuma ya pikapu. Fimbo ikanizuia kifuani. Nyuma ya fimbo walikuwa wazee wawili, na kati yao ule mzigo, michembe na asali na tumbaku, bado umekaa upande.

"Mzigo wa marehemu huchukuliwa na mtani," Dionis akasema. "Ni wako. Beba."

"Asante, mtani. Niwekeeni garini."

"Gari la nini?" Akaniingizia ile karatasi ya plastiki mfukoni mwa shati, akaipigapiga kidogo. Kisha akanyoosha fimbo kule reli inakopita, imenyooka kuelekea jua linakotua. "Tabora ni kilomita thelathini na kitu. Mstari ule pale. Umenyooka, kama unavyopenda."

Wakanitwika. Gome likakatika sehemu moja, kibuyu kikaning'inia sikioni. Pikapu ikawashwa, Mzee Nanji hakutazama nyuma. Nikatembea hatua kumi, nikasimama, nikageuka na mzigo wangu kichwani.

"Sasa mtani," nikamwuliza, "nitalala wapi?"

Dionis alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Halafu akasogeza mkeka, akanionyesha nafasi karibu na moto.